Chai ya Wazee wa Githongo: Bei Yake ni Insafu?

Mpenzi msomaji, mtu akikwambia kwamba ametoka Mombasa akaenda hadi Meru kuuliza bei ya kikombe cha chai, utamcheka, na una haki ya kumcheka. Mimi sikufunga safari kwa ajili hiyo. Nilikwenda kumzuru mwalimu wangu. Lakini nilipofika huko nilikuta mzozo wa shilingi kumi, na mzozo huo ukanifunza jambo ambalo nimeketi barazani miaka mingi bila ya kulitambua.

Mwalimu wangu ni Mmeru wa Githongo. Alikuja Mombasa mwaka 1974 akiwa kijana, akatusomesha hesabu sisi watoto wa Mji wa Kale, na hakuondoka mpaka alipostaafu mwaka 2003. Zama hizo mtumishi wa serikali alistaafu akiwa na miaka 55. Umri huo ulipandishwa ukawa miaka 60 mwaka 2009. Asubuhi tulikuwa mbele yake shuleni, alasiri tulikuwa chuoni kwa maalim tukisoma Kurani, na jioni, tukipita vichochoroni, tulimwona Mwalimu ameketi barazani pamoja na watu wazima wa mtaa, finjani mkononi, akicheka kwa Kiswahili chetu kana kwamba kitovu chake kilizikwa Kibokoni.

Mwezi wa Julai 2025 alinipigia simu. Tulisalimiana, tukaulizana hali, kisha akanyamaza kidogo. Akasema: "Njoo unione, mwanangu. Nimechoka kuzungumza na ng'ombe."

Neno hilo lilinichoma. Wiki ya pili nikawa safarini.

MJI WA WASTAAFU

Wenzetu wa Marekani wana miji iliyojengwa makusudi kwa watu waliostaafu. Maarufu miongoni mwa hiyo ni Sun City katika jimbo la Arizona, iliyofunguliwa tarehe 1 Januari 1960. Humo huhamia watu waliokwisha kazi zao, wakapata nyumba, viwanja vya michezo na mahali pa kula. Na watu wanaokaa mahali kama hapo, kama walivyo wazee wote duniani, hawakosi la kulalamikia, na katika ya mwanzo huwa ni bei ya chakula. Mmoja atasema ni ghali, mwingine atasema ni ya haki, na mazungumzo hayo huwapitishia siku.

Sisi Afrika ya Mashariki hatukujenga miji ya namna hiyo. Zipo nyumba chache za kuwatunza wazee wasiokuwa na watu, kama zile za Sebuleni na Welezo kule Unguja, lakini mstaafu wa kawaida hurudi kwao. Karani wa bandarini, askari polisi, muuguzi, mwalimu, dereva wa treni: kila mmoja siku ikifika hufunga virago akarudi alikozaliwa. Kwa hivyo ukitaka kuuona mji wa wastaafu wa Kenya, usitafute ukuta wala bango. Nenda kwenye soko lolote dogo la bara, asubuhi ya saa tatu, siku isiyokuwa ya gulio, uangalie ni nani walioketi.

Githongo ni soko la namna hiyo. Liko Imenti ya Kati, chini ya msitu wa Mlima Kenya. Ukitoka Meru mjini, gari huiacha barabara kuu ya Nkubu likaanza kupanda, na kila linapopanda ndivyo baridi inavyozidi na ndivyo majani ya chai yanavyozidi, mpaka macho hayaoni ila kijani kibichi kilichokatwa sawasawa kama zulia. Kuna kiwanda cha chai, kuna mahakama, kuna maduka, kuna vijana wa bodaboda wamejifunika makoti mazito. Sisi watu wa pwani tunaoona baridi ya Julai ya Mombasa kuwa ni baridi, huko tungekaa kimya.

Mwalimu alikuwa akinisubiri stendi, kofia ya sufu kichwani, mkongojo mkononi. Ana miaka 77. Mkewe amefariki, watoto wako Nairobi, shamba amewagawia, akabakiwa na kipande cha chai, migomba na ng'ombe mmoja. Nyumbani kwake nilikuta ameshanitengea chumba, mkeka safi, na birika la maji ya moto. Akaniambia: "Najua utataka kutawadha, na maji ya huku yatakukata vidole." Miaka 29 ya pwani haikumtoka.

BARAZA ISIYOKUWA NA KAHAWA

Asubuhi ya pili nilimwambia: "Mwalimu, twende hotelini tukanywe chai, unijulishe kwa wenzako." Akaitikia, tukateremka hadi sokoni. Tulipofika mbele ya hoteli, hoteli ya kawaida ya mabati, meza sita na mabenchi, hakuingia. Alipita moja kwa moja akaenda kuketi ng'ambo ya njia, kwenye kizingiti cha saruji cha duka lililofungwa. Hapo palikuwa na wazee wengine wanne. Nikawaamkia kwa neno la Kimeru nililofunzwa usiku, "Muuga!", nao wakafurahi wakanipisha nafasi.

Nikaketi. Mmoja alikuwa muuguzi, mmoja askari, mmoja karani wa chama cha ushirika, na wa nne alikuwa mkulima maisha yake yote, hakuajiriwa na mtu. Watu wazima watano wenye heshima zao, wameketi juu ya saruji baridi, wanaielekea hoteli, na hakuna aliyekuwa na kikombe mkononi. Moshi wa chai ulikuwa ukitoka mlangoni ukatufikia pale tulipo.

Nikauliza kulikoni. Hakuna aliyejibu. Kisha yule askari akacheka kwa uchungu akasema: "Tumegoma." Muuguzi akamsahihisha: "Hatukugoma. Tumeshindwa."

Habari yenyewe ni hii. Kikombe cha chai ya maziwa katika hoteli ile kilikuwa shilingi 20, na andazi shilingi 10. Miezi mitatu nyuma mwenye hoteli alipandisha chai ikawa shilingi 30. Andazi hakuligusa. Wazee wakalalamika, yeye akashikilia. Wakaanza kupunguza siku za kuingia, wengine wakawa wanakopa wakiandikwa daftarini, na siku moja Mwalimu, ambaye malipo yake ya uzeeni yalikuwa yamekwama kwa sababu ya karatasi iliyopotea katika ofisi moja, alisikia jina lake likisomwa kwa sauti mbele ya vijana: shilingi 390. Tangu siku hiyo hakuingia tena.

Msomaji, nawe huenda ukasema kama nilivyosema mimi moyoni: shilingi kumi! Mtu atajinyima watu wake kwa shilingi kumi? Lakini Mwalimu ni mtu wa hesabu. Akaokota kijiti akanichorea mchangani. Chai na andazi kila siku isipokuwa Jumapili ni siku 26 kwa mwezi. Kwa bei ya zamani ni shilingi 780. Kwa bei mpya ni shilingi 1,040.

Kisha akamwashiria kwa kidevu yule mkulima. Mkulima hana pensheni. Anapokea fedha za serikali za Inua Jamii, mpango ulioanza mwaka 2006 kwa wazee wachache waliokuwa maskini, ukapanuliwa mwaka 2018 ukawajumlisha wote wenye miaka 70 na zaidi wasiokuwa na malipo mengine ya uzeeni. Fedha hizo ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Akila andazi moja na kunywa kikombe kimoja kila siku, zaidi ya nusu ya riziki yake ya serikali imekwisha kabla hajanunua chumvi wala sabuni.

Nikamuuliza Mwalimu: "Lakini kwako chai iko shambani, na maziwa ni ya ng'ombe wako. Kwa nini ununue chai?"

Akaniangalia kama alivyokuwa akiniangalia nikikosea jedwali la saba. Akasema: "Chai ipo. Watu hawapo."

HESABU YA MWENYE HOTELI

Damu ilinichemka. Nikavuka njia, nikaingia hotelini, nikaagiza chai na andazi, na nilipomaliza nikamwita mwenye hoteli. Ni mama wa makamo, mwenye kilemba na mikono iliyozoea moto. Sikumsemesha kwa adabu inayostahili. Nilimwambia: "Mama, huoni haya kuwatoza wazee wako shilingi thelathini kwa chai inayolimwa mlangoni pako?"

Hakukasirika. Alifuta meza, akaketi mbele yangu, akasema: "Mzee, wewe ni mgeni. Hebu tuhesabu."

Akahesabu, nami nikaandika katika daftari langu la kazi. Lita moja ya maziwa ikichanganywa na maji hutoa vikombe vinane. Maziwa shilingi 60. Sukari shilingi 16. Majani ya chai shilingi 10. Moto shilingi 14. Jumla ni shilingi 100, yaani kila kikombe kina shilingi 12 na senti 50 kabla hakijafika mezani. Tena kuna pango la chumba, shilingi 200 kwa siku. Msichana anayemsaidia, shilingi 400. Maji na taa, shilingi 50. Na leseni ukiigawa kwa siku, shilingi 50. Hizo ni shilingi 700. Wateja wake kwa siku ni kama 70, kwa hivyo kila kichwa kinabeba shilingi 10. Kikombe kimoja, basi, kinamgharimu shilingi 22 na senti 50.

Akaniuliza: "Nilipokuwa nauza ishirini, ni nani aliyekuwa akimlipia mwenzake?"

Sikuwa na jibu. Kwa kila kikombe cha shilingi 20 alikuwa akipoteza shilingi mbili unusu, akiifidia kwa maandazi na chapati. Na hakuyazua yeye. Aliyekuwa na jiko mwaka 2018 anakumbuka serikali ilivyopiga marufuku ukataji wa miti misituni mwezi wa Februari, na makaa na kuni vilivyopanda. Marufuku hiyo ilidumu mpaka 2023. Mwaka huo huo wa 2023 sukari ilipita shilingi 200 kwa kilo, na kodi ya mafuta ya gari ikatoka asilimia 8 ikawa asilimia 16. Sukari ilishuka baadaye, lakini mshahara wa msichana na pango la chumba havikushuka.

Nikamuuliza kuhusu majani. Kwani si yako papo hapo? Akacheka. Na hapa, msomaji wa Mombasa, sikiliza vizuri, kwa sababu hadithi hii inapita mlangoni kwako. Majani mabichi yanayochumwa Githongo hupelekwa kiwandani, na kilo nne na zaidi kidogo za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu. Chai hiyo hupakiwa katika magari ikateremshwa Mombasa, ikawekwa katika maghala, ikauzwa katika mnada wetu, ikapanda meli. Wanunuzi wakubwa ni Pakistani, Misri na Uingereza. Tuseme mkulima amepata shilingi 60 kwa kilo ya majani mabichi, malipo ya mwezi pamoja na bonasi ya Oktoba, na tuseme kilo moja ya chai kavu imechukua kilo nne unusu. Hizo ni shilingi 270. Kilo moja ya chai kavu inatia vikombe 450 hivi. Basi katika kikombe cha shilingi 30, mkulima aliyelima, akapalilia na kuchuma ana senti 60.

Yule mzee aliyeketi ng'ambo ya njia anashindwa kununua chai ambayo yeye mwenyewe ndiye mwenye majani. Anachoshindwa kununua ni maziwa, sukari, moto, paa na benchi.

Benchi ndilo lililokuwa kiini cha mzozo. Yule mama alishusha sauti. "Mimi siwachukii wazee. Baba yangu angekuwa hai angekuwa mmoja wao. Lakini vijana wa bodaboda na watu wa kiwandani wanakuja saa kumi na mbili mpaka saa tatu. Wanakunywa, wanalipa, wanaondoka. Wazee wanaingia saa mbili, wanakaa mpaka saa tano, kwa kikombe kimoja. Benchi limejaa, mteja anachungulia mlangoni, anaenda kwingine. Nifanyeje?"

NENO LA WANAVYUONI

Nilitoka pale nimenywea. Sisi tuliosoma chuoni tunakumbuka habari iliyopokewa kutoka kwa Anas, kwamba bei zilipanda Madina, watu wakamwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, wakamwomba awapangie bei. Alikataa. Aliwaeleza kuwa mwenye kupandisha na kushusha riziki ni Mwenyezi Mungu, na kwamba yeye hataki kukutana na Mola wake hali kuna mtu anayemdai dhulma ya damu au ya mali. Maalim wetu akitufasiria kwamba dhulma ya bei ina pande mbili: unaweza kumdhulumu mnunuzi kwa kumpandishia, na unaweza kumdhulumu muuzaji kwa kumlazimisha auze kwa hasara.

Hata wale wanavyuoni waliokuja baadaye wakaruhusu mtawala aingilie kati, kama Ibn Taymiyya katika maandishi yake juu ya hisba, waliruhusu pale wauzaji wanapoficha bidhaa au wanapokula njama. Mama yule hakuficha sukari wala hakula njama na mtu. Serikali yetu nayo imekwisha kuyajaribu haya kwa njia zake. Kulikuwa na bei za kupangwa kwa miaka mingi baada ya uhuru, zikaondolewa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mwaka 2011 ikatungwa sheria mpya ya kudhibiti bei za bidhaa muhimu. Na Julai 2022 unga wa mahindi wa kilo mbili uliteremshwa mpaka shilingi 100 kwa fedha za serikali, na baada ya muda mfupi ukarudi ulikotoka. Hakuna katika hayo lililofika kwenye benchi la Githongo.

Kwa hivyo swali la kichwa cha makala haya nimeshalijibu nusu. Ndiyo, bei ya mama yule ni insafu. Lakini wazee nao hawakukosea. Bei inaweza kuwa ya haki kwa muuzaji na bado ikamfungia mlango mtu aliye na haki ya kuketi na wenzake. Hapo ndipo nilipokwama.

KOSA LANGU

Nilipokwama nilifanya jambo ambalo mtu wa mjini hulifanya. Nilitia mkono mfukoni. Nilimwambia mama: "Nipe deni la Mwalimu nililipe, na uchukue na fedha za mwezi mzima, yeye na wenzake wote watano." Niliona nafsi yangu ni karimu. Nilifikiria hata wakfu: watu wa pwani tumewawekea wakfu wasafiri na wanafunzi, mbona usiwepo wakfu wa kikombe?

Nilipovuka njia kumpa Mwalimu habari njema, uso wake ulifunga. Hakusema kitu mbele ya wenzake. Aliinuka, akanishika mkono, tukatembea mpaka nyuma ya maduka. Hapo akasema, kwa sauti ya darasani:

"Nilikufundisha miaka minne. Je, uliwahi kuniona nikimpa mtoto jawabu?"

Nikasema la, hukuwahi.

"Kwa nini sikuwahi?"

Nikanyamaza.

"Kwa sababu mtoto aliyepewa jawabu anarudi nyumbani na aibu yake. Leo umenipa jawabu. Kesho utapanda gari urudi Mombasa, na mimi nitaketi katika benchi ulilonilipia, kila kijana akijua. Deni ni langu. Nitalilipa mimi."

Nilimwomba radhi. Yeye mara hiyo hiyo akasamehe, maana hana moyo wa kinyongo. Nikarudi hotelini nikazichukua fedha zangu, na yule mama alinirudishia bila ya neno, kama mtu aliyekuwa akitarajia.

Lakini daftari langu lilikuwa wazi, na Mwalimu akaziona tarakimu. Akaniomba miwani. Akasoma hesabu ya mama kutoka juu mpaka chini, midomo ikicheza, kama alivyokuwa akisahihisha madaftari yetu. Akarudia mara ya pili. Kisha akasema: "Huyu mwanamke ana akili. Lakini ameacha kitu kimoja. Amehesabu vikombe, hakuhesabu saa."

Akanifafanulia. Pango, msichana, taa na leseni vinalipwa na umati wa asubuhi. Ikifika saa nne umati umekwisha, benchi ni tupu, msichana ameketi, moto unawaka bure mpaka chakula cha mchana. Mtu akiingia saa hiyo habebi zile shilingi kumi za kichwa, maana zimeshabebwa. Tena mzee hahitaji kikombe kikubwa. Anahitaji kitu cha kushika mkononi. Kikombe kidogo, sehemu tatu katika tano za kikubwa, kina maziwa na sukari ya shilingi saba unusu. Ukikiuza shilingi 15, mama anabakiwa na shilingi saba unusu.

"Na kile kikubwa cha thelathini," akaniuliza, "kinambakishia ngapi?"

Nikatoa: thelathini, toa ishirini na mbili unusu. Shilingi saba unusu.

Akanirudishia miwani. "Sawasawa. Basi hakuna anayemsaidia mwenzake."

Tuliingia pamoja hotelini, sote sita. Ilikuwa imepita saa nne na benchi zilikuwa tupu kweli. Mwalimu hakuanza na malalamiko. Alianza na deni lake, akasema mbele ya wenzake wote kwamba anadaiwa shilingi 390 na atazilipa karatasi yake itakapopatikana. Kisha akaomba kipande cha chaki, akaandika hesabu juu ya meza, akamwachia mama aisome. Mama aliisoma kwa muda mrefu. Alibisha mahali pamoja: akasema moto wa saa nne si bure kabisa. Wakajadiliana. Mwisho akasema atajaribu mpaka bonasi ya Oktoba, kikombe kidogo shilingi 15, kuanzia saa nne mpaka saa sita, na wazee wasiingie kabla ya hapo. Yule askari akanung'unika kwamba saa nne ni mbali. Karani akamwambia: "Kwani una miadi na nani?" Tukacheka sote, na mama naye akacheka.

Vikombe vidogo havikuwapo. Msichana alileta bilauri za maji, akatia chai humo. Zilikuwa za moto kiasi cha kuunguza vidole, na wazee wakazishika hivyo hivyo kwa mikono miwili.

Nilipotaka kulipa yangu, Mwalimu alinizuia. Akaweka mezani shilingi 30, kumi tatu za sarafu, moja baada ya moja. "Mbili," alimwambia mama. "Yangu na ya mgeni wangu."

TULIORUDI PWANI

Mpenzi msomaji, sisi huku huenda tukaona mambo haya hayatuhusu. Baraza zetu zipo, na mtu haketi barazani kwa kulipia. Muuza kahawa hupita na dele lake, anayetaka hunywa, asiyetaka hazungumziwi. Hilo ni kweli, na ni neema ambayo wazee wetu walioijenga nyumba pamoja na baraza yake walituachia bila ya kututoza. Baraza ni benchi lisilokuwa na pango. Githongo wazee wanalipia benchi ndani ya kikombe, na hiyo ndiyo tofauti yote baina ya finjani yetu na chai yao.

Lakini nilipokuwa katika basi la kurudi, tukiteremka Chuka na Embu, niliwaza jambo moja. Pale Githongo nilihitaji kuvuka njia tu niwaone walioshindwa kuingia, kwa sababu walikuwa wameketi hadharani. Je, kwetu walioshindwa wako wapi? Ni kweli kahawa ni senti chache. Lakini kuna desturi ya kununuliana: leo mimi nimewanywesha, kesho zamu yako. Na mzee ambaye zamu yake imefika mara tatu na mkono haukuingia mfukoni, hagomi wala halalamiki. Siku ya nne haji. Tunasema labda mgonjwa, labda amekwenda kwa mwanawe Malindi. Mazungumzo yanaendelea.

Jioni niliyofika nilikwenda barazani kama kawaida yangu. Walinipisha, wakaniuliza habari za bara, nikawasimulia kama nilivyokusimulia wewe. Wakastaajabu na senti 60 za mkulima. Nilipomaliza nikahesabu vichwa. Tulikuwa saba. Mwaka jana tulikuwa tisa. Mmoja tulimzika katika Shaaban, Mungu amrehemu. Nikauliza juu ya yule wa pili, fundi mashua aliyestaafu, ambaye nyumba yake haifiki hatua 100 kutoka pale tulipoketi.

Walitazamana. Hakuna aliyejua.

Asubuhi yake nilikwenda kumbishia hodi.